Mpiganaji, Mchawi, Kasisi

Mwaka 1974, huko Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo wa Dungeons & Dragons: vijitabu vitatu ndani ya kisanduku. Kila mchezaji alimchagulia mhusika wake fani moja kati ya tatu: mpiganaji, mchawi au kasisi.

Kasisi ndiye mwenye kisa kitamu zaidi. Alizaliwa mezani kwa Arneson, baada ya mhusika wa mchezaji mmoja, Sir Fang, kugeuka mnyonya damu na kuwashinda nguvu wenzake. Akatungwa mtu wa kumkabili, mwenye uwezo wa kuwafukuza wafu watembeao. Silaha zenye makali alikatazwa, kwa hiyo akashika rungu. Na katika kanuni za 1974, kasisi wa ngazi ya kwanza hakuwa na dua hata moja. Alisubiri mpaka apande ngazi ya pili.

Mwizi alikuja 1975 katika kijitabu cha Greyhawk, naye aligeuza mchezo: kufungua kufuli au kunyata bila kusikika sasa kulikuwa na asilimia yake, dadu ikaamua. Mtawa, muuaji wa siri na druidi wakafuata kufikia 1976. Toleo la 2000 lilimruhusu mhusika wa asili yoyote kushika fani yoyote, hata kuchanganya kadhaa.

Kitabu cha wachezaji cha 2014 kina fani 12. Zile tatu za mwanzo zote zimo.