ALIANZIA PALE GIZA LILIPOANZIA



Alhamisi jioni, katika ushirika wetu wa nyumbani, tulikuwa tunasoma Mathayo sura ya 4. Dada mmoja akauliza, "Pasta, kwani Yesu hangeanzia huduma yake Yerusalemu? Hekalu lilikuwa huko, makuhani walikuwa huko, na kila sikukuu watu walijaa huko. Mbona akaenda kuanzia kando ya ziwa, kwa wavuvi?"

Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu saa zilikuwa zimeenda, lakini swali lile nimelala nalo na kuamka nalo. Leo nataka tulijibu pamoja, tena tulijibu kwa kufuata historia, maana jibu lake linaanza zaidi ya miaka 700 kabla ya Yesu kuzaliwa. Chukua Biblia yako, tuandamane.

Kwanza, wakati wenyewe. Luka ni mwandishi makini. Katika sura ya 3 anatuambia ilikuwa mwaka wa 15 wa Kaisari Tiberio. Tiberio alishika utawala wa Roma mwaka 14 B.K. baada ya Augusto kufa, kwa hiyo tunazungumza juu ya mwaka wa 28 au 29 hivi. Pontio Pilato alikuwa liwali wa Uyahudi. Alikaa katika cheo hicho tangu mwaka 26 hadi 36. Herode Antipa alitawala Galilaya. Ndugu yake Filipo alitawala upande wa kaskazini-mashariki, naye Lisania alikuwa Abilene. Kule hekaluni wakubwa walikuwa Anasi na Kayafa.

Mpendwa, hii si hadithi ya paukwa pakawa. Mwaka 1961, wachimbaji wa mambo ya kale huko Kaisaria, mji wa pwani, walipata jiwe lililochongwa jina la Pilato pamoja na cheo chake. Wokovu wetu ulitendeka katika mwaka unaohesabika, chini ya serikali inayojulikana.

Sasa hesabu majina ambayo Luka ameyataja: wakubwa saba, watano wa siasa na wawili wa dini. Halafu anasema neno la Mungu lilimjia Yohana, mwana wa Zakaria, kule jangwani. Lilipita Roma, likapita Kaisaria, likapita hata nyumba ya kuhani mkuu. Hiyo ni dalili ya kwanza kwamba Mungu alikuwa na ramani yake mwenyewe.

Yesu alikuja kwa Yohana akiwa na umri wa miaka 30 hivi, akabatizwa katika Yordani, Roho Mtakatifu akamshukia. Kisha Roho huyo huyo akamwongoza jangwani kwa siku 40. Yohana mwandishi wa Injili anatuonyesha kwamba kulikuwa na kazi ya mapema hata kabla ya Mbatizaji kufungwa: wanafunzi wa kwanza, arusi ya Kana, mazungumzo na Nikodemo. Lakini Mathayo na Marko wote wawili wanaweka mwanzo wa mahubiri ya Galilaya katika siku moja mbaya sana, siku ambayo Yohana alikamatwa.

Tunajua aliyemkamata. Ni Herode Antipa. Alikuwa amemchukua Herodia, mke wa ndugu yake, na Yohana alimwambia waziwazi kwamba si halali. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne hiyo hiyo, anaongeza kwamba Antipa aliogopa jinsi watu walivyomfuata Yohana, akadhani wataleta uasi. Anasema alimfungia katika ngome ya Machaerus, mashariki ya Bahari ya Chumvi, na huko akamwua.

Mathayo anasema Yesu aliposikia habari za Yohana aliondoka akaenda Galilaya. Ukisoma haraka utafikiri alikimbia. Lakini jiulize, Galilaya ilikuwa ya nani? Ya Antipa! Makao makuu ya Antipa yalikuwa Tiberia, mji mpya alioujenga kwenye ufuo wa ziwa na kuupa jina la Kaisari. Kutoka Tiberia hadi Kapernaumu ni mwendo wa kilomita 15 hivi kwa kufuata ufuo. Kwa hiyo Yesu alianza kuhubiri ndani ya mipaka ya mtu aliyemfunga mhubiri aliyemtangulia. Yeye hakungoja hali itulie kwanza.

Tena hakurudi kukaa Nazareti. Alihamia Kapernaumu, kijiji cha wavuvi kwenye ufuo wa kaskazini wa ziwa. Ziwa lenyewe si kubwa, lina urefu wa kilomita 21 na upana wa kilomita 13 hivi. Mwaka 1986, maji yalipopungua kwa sababu ya ukame, ndugu wawili wavuvi waliona mashua ya kale ikichungulia kwenye matope. Ilikuwa ya nyakati za karne ile ya kwanza, urefu wake kama mita 8. Katika mashua za namna hiyo ndimo Simoni na Andrea walimofanyia kazi walipoitwa. Kapernaumu palikuwa pia na kituo cha ushuru, kwa kuwa mpaka wa nchi ya Filipo ulikuwa karibu. Hapo ndipo Lawi alipokuwa ameketi akikusanya kodi.

Lakini kwa nini hapo? Mathayo anafungua Isaya sura ya 9 na kutuonyesha. Anasema Yesu alikaa Kapernaumu, katika mipaka ya Zabuloni na Naftali, ili neno la nabii litimie. Wengi wetu tunasoma majina hayo na kupita. Leo tusipite.

Zabuloni na Naftali ni makabila mawili yaliyopewa urithi wao huko kaskazini. Nazareti iko katika eneo la Zabuloni, na Kapernaumu iko katika eneo la Naftali. Sasa fungua 2 Wafalme 15:29. Siku za mfalme Peka wa Israeli, Tiglath-pileseri mfalme wa Ashuru alishuka kutoka kaskazini, akatwaa Hazori, akatwaa Galilaya, akatwaa nchi yote ya Naftali, akawachukua watu mateka mpaka Ashuru. Ilikuwa kama mwaka 732 K.K. Waliochimba Hazori katika miaka ya 1950 walikuta tabaka la majivu la mji ulioteketezwa wakati huo.

Angalia tarehe hizi kwa makini. Galilaya ilianguka kama mwaka 732. Samaria, mji mkuu wa ufalme wa kaskazini, ulianguka mwaka 722, miaka kumi baadaye. Yerusalemu uliteketezwa na Babeli mwaka 586, karibu miaka 150 baada ya Galilaya. Unaona? Katika nchi ile yote, watu wa Galilaya walikuwa kati ya wa kwanza kung'olewa makwao. Akina mama wa Naftali walilia wakati Yerusalemu bado walikuwa wanaimba hekaluni.

Na ni wakati huo huo wa Ashuru ambapo Isaya alisimama akatoa neno la Mungu: nchi hiyo iliyodharauliwa kwanza ndiyo itakayotukuzwa, na watu wanaokwenda gizani wataona nuru kuu.

Dada yangu, hilo ndilo jibu la swali lako. Yesu alianzia Galilaya kwa sababu Mungu hakusahau mahali giza lilipoanzia. Miaka 700 na zaidi ilipita. Walikuja Waashuru, Wababeli, Waajemi, Wayunani, kisha Warumi. Watu wa Yerusalemu walishazoea kuidharau Galilaya. Walisema hakuna nabii anayetoka huko. Petro alipofungua mdomo kwenye ua wa kuhani mkuu, lafudhi yake ilimuumbua. Lakini katika kumbukumbu za Mungu, deni la ahadi lilikuwa bado limeandikwa kwa jina la Zabuloni na Naftali. Siku ilipofika, alilipa kuanzia huko.

Sasa tulete neno hili nyumbani.

Kila mmoja wetu ana Galilaya yake. Ni pale mambo yalipoanza kuharibika. Kwa mwingine ni ndoa ya wazazi wake. Kwa mwingine ni shamba lililowagombanisha ndugu wa tumbo moja mpaka leo hawasalimiani mazishini. Kwa mwingine ni dhambi ya ujana ambayo hajawahi kuitamka mbele ya mtu. Na sisi Wapentekoste, tuseme ukweli, tunajua sana kumkaribisha Yesu Yerusalemu yetu. Tunamwonyesha sifa, kufunga, makesha, nguo safi za Jumapili. Tunamwambia, "Bwana, ingia hapa palipopambwa." Naye anatuuliza habari za Galilaya.

Mimi mchungaji wako nimepitia hapo. Nilihubiri msamaha kwa miaka kadhaa huku kuna ndugu yangu mmoja sikutaka hata kusikia jina lake. Huduma ilikuwa inaendelea, watu wanaokoka, lakini kila nilipoomba, Bwana alinirudisha kwa ndugu yule. Nilitaka anitumie mijini, yeye anataka tuanzie nyumbani kwetu. Siku niliyopanda matatu kwenda kumtafuta, nilitetemeka kuliko siku ya mahubiri yangu ya kwanza.

Neno hili linatuhusu pia kama kanisa. Tunapopanga mkutano wa injili, swali letu la kwanza huwa ni gani? Je, ni mahali gani pameumia zaidi, au ni mahali gani sadaka itarudisha gharama ya vyombo na mahema? Vijana mnaosikia wito wa Mungu, nawapenda, lakini msikae miaka mkingoja mwaliko wa kanisa kubwa la mjini wenye bango lililo na picha yenu. Bwana wetu alianza katika sinagogi la kijijini. Marko 1 inatueleza siku moja huko Kapernaumu: asubuhi alifundisha na kumtoa pepo mchafu, halafu akaingia nyumbani kwa Simoni akamwinua mkwewe aliyekuwa na homa. Jioni wagonjwa wa mji mzima walikuwa mlangoni. Na alfajiri, kukiwa bado giza, alikuwa peke yake akiomba. Huduma ya kubadilisha ulimwengu ilianza kwa kuhudumia jirani.

Lakini kuna onyo, nami sitakuwa mwaminifu nikiliacha. Neno la kwanza la mahubiri yake huko Galilaya lilikuwa toba, kwa sababu ufalme wa mbinguni umekaribia. Alikuja kuwaponya, naye aliwataka wageuke. Na sura ya 11 ya Mathayo inatuuma: Yesu anaikemea Kapernaumu hiyo hiyo, pamoja na Korazini na Bethsaida, kwa sababu waliona miujiza mingi kuliko wengine na hawakutubu. Leo Kapernaumu ni magofu, watalii wanapiga picha juu ya mawe meusi. Mtu anaweza kuwa wa kwanza kuona nuru na bado akachagua kubaki na giza lake. Basi Yesu akifika katika Galilaya yako, usimpigie makofi tu. Tubu, samehe, rudisha ulichochukua, piga simu ile unayoiogopa.

Nimalizie hapa. Yesu alipofufuka, wanafunzi waliambiwa waende wakakutane naye wapi? Galilaya. Mathayo 28 inasema alisimama nao juu ya mlima huko, na kutoka mahali hapo akawatuma kwa mataifa yote. Watu wa mahali palipotangulia kupoteza watoto wao ndio waliotumwa kuwatafuta watoto wa Mungu duniani kote. Pale palipokuumiza zaidi ndipo Bwana anaweza kukutuma kutoka.

Tuombe. Baba, katika jina la Yesu, tunakushukuru kwa kuwa hukusahau Zabuloni na Naftali, na hutatusahau sisi. Ingia mahali ambapo tumefunga mlango. Tupe moyo wa kutubu na miguu ya kwenda tulikoogopa. Mwana aliyeanza kazi chini ya pua ya Herode aanze kazi nyumbani mwetu leo. Amina.

Kama kuna jina la mtu lililokujia ulipokuwa unasoma, usiliandike hapa chini. Mwombee sasa hivi, halafu mtafute kabla ya Jumapili.