Sinema ya Kongo Ilianzia Wapi?

Barabara itokayo Uvira hupita Sange, Luvungi, Katogota na Kamanyola, kisha hupanda milima hadi Bukavu. Katika mji huo wamisionari wa shirika la Mapadri Weupe waliweka kituo chao cha kutengeneza filamu, Africa Films, zama za Wabelgiji. Ni mji huohuo alikozaliwa mtengeneza filamu Mwezé Ngangura mwaka 1950. Kwa hiyo sisi wa bonde la Ruzizi tusiisimulie historia ya sinema ya Kongo kana kwamba ni habari ya Kinshasa peke yake.

Filamu za mwanzo hazikutengenezwa kwa ajili yetu. Katika miaka ya 1920, Mbelgiji Ernest Genval alizunguka koloni akipiga picha za makampuni na kazi zao ili Wabelgiji wazione kwao. Mkongo alikuwemo ndani ya picha, akibeba na kuchimba, bila kusema neno. Mwaka 1945 ikatoka amri: Mwafrika asiingie kutazama filamu yoyote ambayo kamati ya ukaguzi haikumruhusu. Louis Van Bever, aliyesimamia filamu katika idara ya habari ya koloni, alitoa kitabu mwaka 1952 juu ya sinema ya kuoneshwa Waafrika. Wataalamu wa aina yake waliamini kwamba mtazamaji wetu anahitaji hadithi nyepesi, picha zinazokwenda polepole, bila mbinu za kuruka kutoka tukio hadi tukio. Ulikuwa ni udhalilishaji uliovishwa joho la elimu, kwa sababu watu waliolelewa kwa ngano na mafumbo hawashindwi kufuata kisa.

Wamisionari walishika kwa bidii kazi ya kuwatengenezea Waafrika filamu. Kule Kasai, Padri Albert Van Haelst alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili. Bukavu, kwenye Africa Films, alikuwapo Padri Roger De Vloo. Filamu zilipelekwa vijijini kwa gari lenye jenereta, mashine ya kuoneshea filamu na kitambaa cheupe. Pembeni alisimama msemaji mweusi na kipaza sauti, akiwaeleza watu kwa lugha yao kinachoendelea. Huyo ndiye ninayempa heshima kubwa. Picha ilikuwa ya Mzungu, lakini kisa walichorudi nacho watu nyumbani kilitoka kinywani mwake: yeye ndiye aliyechagua pa kukaza, pa kuchekesha, na pa kuongeza methali. Majina ya wasemaji hao hayakuandikwa kwenye filamu.

Wakongo walioshika kamera wenyewe walianzia Léopoldville, Kinshasa ya leo: Albert Mongita mwaka 1951, kisha Emmanuel Lubalu mwaka 1953. Ngangura alisomea sinema Ubelgiji, na mwaka 1987 yeye na Benoît Lamy wakatoa *La Vie est belle*, mwanamuziki Papa Wemba akiwa mhusika mkuu. Filamu yake *Pièces d'identités* ilitwaa tuzo kuu ya tamasha la filamu la FESPACO, Ouagadougou, mwaka 1999. Humo mfalme wa Kongo anasafiri hadi Ubelgiji kumtafuta binti yake. Safari hii Mkongo ndiye anayewatazama Wabelgiji.

Filamu nyingi za ukoloni zimehifadhiwa Ubelgiji, katika miji ya Brussels, Tervuren na Leuven. Zile zilizopigwa Kivu zinapaswa kuoneshwa Bukavu na Uvira, kwa Kiswahili. Nanyi vijana wa Katogota na Luvungi wenye simu mkononi, waendeeni wazee waliokaa mbele ya kile kitambaa cheupe, muwarekodi, na muwaulize jina la msemaji wao.