Ekzosi ya ubavuni: namna ya kuifunga, kuishikilia na kuepuka kuungua mguu

Ukiwaangalia wanaopanda bodaboda mara kwa mara, hutakosa mwenye kovu la mviringo ndani ya ndama ya mguu wa kulia. Kovu hilo mara nyingi ni la ekzosi. Wasikilizaji wetu wa Kilosa, Mikumi, Ulaya, Zombo na Kidodi wanalijua, na wengi hulichukulia kama jambo la kawaida. Hapa tunaeleza ekzosi inavyoshikiliwa kwenye pikipiki, kwa nini hulegea, na la kufanya ikikuunguza.

Pikipiki nyingi za bodaboda zilizo kwetu, kama Boxer na TVS, zina ekzosi upande wa kulia. Inaanzia mbele kwenye silinda hedi, inapita chini karibu na stepu ya dereva, kisha inapanda kidogo kuelekea gurudumu la nyuma. Inashikwa sehemu mbili tu. Mbele kuna nati mbili zinazoibana kwenye silinda hedi, na katikati yake kuna gasketi ndogo ya duara. Nyuma kuna bolti moja inayoifunga kwenye fremu, kwa kawaida jirani na stepu ya abiria. Kwa hiyo uzito wote wa bomba, pamoja na mitikiso ya barabara ya vumbi, unabebwa na nati mbili na bolti moja.

Ile bolti ya nyuma ndiyo hudharauliwa. Ikianguka, pikipiki bado inatembea, na dereva anasema ataishughulikia kesho. Lakini bomba sasa linaning'inia kwa shingo yake ya mbele. Kila shimo linalivuta chini, na baada ya siku chache mojawapo ya mambo haya hutokea: nati za mbele zinalegea, gasketi inapasuka, bomba linapata ufa kwenye shingo, au stadi inakatikia ndani ya silinda hedi. Bolti ya nyuma ni kitu kidogo cha bei ndogo. Stadi iliyokatikia ndani inahitaji fundi wa kutoboa na kutengeneza nyuzi upya, na hiyo ni kazi ya siku nzima bila abiria.

Wengine hufunga waya. Waya unaweza kukufikisha nyumbani, lakini usiufanye wa kudumu, maana unalegea kadiri unavyopata joto na unaliacha bomba licheze. Wengine hupeleka kwa fundi wa kuchomelea ili bomba lishikane moja kwa moja na fremu. Hilo sisi hatulishauri. Chuma kikipata moto hurefuka. Bomba la mita moja likipanda joto kwa nyuzi 300 hurefuka kama milimita tatu na nusu. Ni kidogo kwa macho, lakini likikosa nafasi ya kusogea, nguvu ile huishia kwenye weldi au kwenye shingo, na ufa unaanzia hapo. Ndiyo maana pikipiki nyingi zina bushi ya mpira au tundu lenye nafasi pale nyuma.

Kanuni hii si ya bodaboda peke yake. Marekani kuna watu wanaochukua magari ya zamani, wanayaongezea injini kubwa na kuyapitishia mabomba ya moshi ubavuni, chini ya milango. Mtindo huo ulikuzwa na vijana waliokuwa wakishindana kwenye maziwa yaliyokauka ya California. Kwenye gari injini inakaa juu ya mipira, hivyo ukikanyaga mafuta inainama kidogo wakati bodi imetulia. Bomba lililofungwa kwa ukali kwenye bodi litapasuka. Kwa hiyo hulishika imara kwenye injini, na kwenye bodi hulining'iniza kwa vishikio vyenye mpira. Fundi wa gereji ya hapa anayefunga ekzosi ya Noah anafanya jambo hilohilo.

Kama unafunga mwenyewe, subiri kwanza injini ipoe kabisa. Weka gasketi mpya. Ya zamani imeshabanwa na haitaziba vizuri tena. Ingiza nati za mbele kwa vidole tu, kisha ingiza bolti ya nyuma, nayo kwa vidole. Hakikisha bomba limekaa lenyewe bila kulazimishwa. Ikiwa unalivuta kwa nguvu ili tundu la nyuma likutane na fremu, kuna kitu kimepinda, na kulibana hivyo ni kupanda ufa. Likishakaa, kaza nati za mbele kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, ili shingo isibane upande mmoja. Bolti ya nyuma ikazwe mwisho. Tumia spana fupi, na usiongeze bomba kwenye mpini. Baada ya safari ya kwanza, acha ipoe kisha kagua tena, maana gasketi mpya hukaa chini kidogo.

Dalili za kuvuja ni masizi meusi kuzunguka shingo na mlio wa kupasukapasuka unapoachia mafuta. Wapo wanaotoboa ekzosi makusudi ili ilie. Licha ya kukamatwa na trafiki, anayeishi Mikumi anajua barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa hupita kama kilomita 50 ndani ya hifadhi. Si mahali pa kumshtua tembo aliye kando ya lami.

Kuna suala la nyasi pia. Sehemu ya bomba iliyo karibu na injini inaweza kupita nyuzi joto 300. Wakati wa kiangazi, usiegeshe pikipiki iliyotoka safari juu ya nyasi kavu au majani makavu ya miwa. Tafuta udongo mtupu. Na usiiwashe ndani ya chumba ulichofunga, hata kwa kuipasha tu. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaweza kumuua mtu aliyelala.

Abiria, panda na ushuke upande wa kushoto. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, ndiko ukingo wa barabara uliko. Ukikaa upande, miguu ielekee kushoto, ila kunja kanga vizuri kwa sababu mnyororo na spoku ziko karibu. Dereva, kava la bomba likidondoka, lirudishe kabla ya kubeba mtoto.

Ukiungua, mimina maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Kama hakuna bomba, tumia dumu au chupa, polepole. Vua viatu, soksi au bangili za mguu kabla hapajavimba. Usipake dawa ya meno, mafuta ya kupikia, asali wala mafuta ya breki. Usipasue lengelenge. Funika kwa kitambaa safi bila kubana. Nenda zahanati ikiwa jeraha limezidi kiganja cha aliyeungua, ikiwa ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi, au aliyeungua ni mtoto, mzee au mgonjwa wa kisukari, hata kama jeraha linaonekana dogo.