Kununua nyumba Nairobi kwa simu: Ziara ya nyuzi 360 inaonyesha nini, inaficha nini

Siku hizi linki moja ya WhatsApp inatosha kumwingiza mtu ndani ya fleti ya Kileleshwa huku yeye yuko Doha, London au Boston. Anagusa kioo cha simu, yuko sebuleni. Anageuka, anaangalia dari, anapita koridoni hadi chumba cha kulala. Hakuna ajenti wa kumharakisha na hakuna nauli ya kwenda na kurudi.

Hiyo ndiyo ziara ya mtandaoni, na kwa wauzaji wa nyumba za mjini imegeuka kuwa silaha kubwa ya soko. Kwa mnunuzi ni msaada pia, lakini una mipaka. Ziara ni ushahidi kwamba chumba fulani kiliwahi kupigwa picha. Haithibitishi nani anamiliki chumba hicho, wala kama maji yanapanda hadi ghorofa ya tisa. Anayechanganya mambo hayo anaweza kutuma akiba ya miaka kumi kwa mtu asiyemjua.

Jina moja, vitu vitatu

Tatizo la kwanza ni kwamba maajenti huita "virtual tour" vitu vitatu tofauti kabisa.

Cha kwanza ni video ya kawaida. Mtu anatembea na simu, muziki unapigwa chini, dakika mbili imeisha. Mtazamaji anaona kile tu mpiga picha alichotaka kionekane. Kona yenye ukungu wa unyevu inarukwa na hakuna atakayejua.

Cha pili ndicho ziara yenyewe. Kamera yenye lenzi mbili zinazotazama pande tofauti huwekwa kwenye stendi katikati ya chumba, inapiga picha ya pande zote, kisha inasogezwa hatua chache na kupiga tena. Programu inaziunganisha picha hizo, na mtazamaji anaruka kutoka pointi moja hadi nyingine. Kampuni ya Marekani ya Matterport, iliyoanzishwa 2011, ndiyo iliyoipa biashara hii sura inayojulikana sasa, ukiwemo ule mwonekano wa nyumba nzima kutoka juu kana kwamba paa limeondolewa. Hapa mpiga picha hana nafasi kubwa ya kuficha, kwa sababu mtazamaji ndiye anayeamua ageukie wapi.

Cha tatu ndicho hatari zaidi, na ndicho kizuri zaidi kwa macho. Ni nyumba iliyochorwa kwa kompyuta. Haijajengwa, pengine hata msingi haujachimbwa, lakini mteja anazunguka ndani yake, anaona jua likiingia dirishani na bakuli la matunda mezani. Wastawishaji hutumia michoro hii kuuza fleti kabla ya ujenzi, kwa bei nafuu kuliko itakavyokuwa jengo likikamilika.

Kuuza nyumba ambayo bado ni ramani si kosa la kisheria, na wapo wanaojenga wakamaliza. Lakini mnunuzi wa mchoro ananunua ahadi. Swali lake la kwanza kwa ajenti linapaswa kuwa moja tu: hii imepigwa picha au imechorwa? Mchoro mzuri ni vigumu kuutambua kwenye kioo kidogo cha simu, ila kuna dalili. Kuta hazina hata alama moja ya kidole, soketi za umeme hazionekani, na nje ya dirisha kuna anga ya bluu au miti badala ya jengo la jirani. Kileleshwa bila jengo la jirani dirishani? Hapo inafaa kuuliza mara mbili.

Kwa nini Nairobi imeipokea haraka

Msukumo mkubwa ulikuja Aprili 2020, serikali ilipozuia watu kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake kwa sababu ya corona. Mteja wa Mombasa au Kisumu hakuweza kuja kuona nyumba hata akitaka.

Barabara zilifunguliwa, lakini kuna mteja ambaye hali yake haikubadilika, naye ni Mkenya wa ughaibuni. Kwa takwimu za Benki Kuu ya Kenya, Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024. Sehemu ya pesa hizo huishia kwenye ploti na fleti. Zamani mtu wa Boston alimtuma binamu akamwangalizie nyumba, na hadithi za binamu aliyekula pesa kila familia inazo. Kuna pia suala la saa. Ajenti akifunga ofisi saa kumi na moja jioni Nairobi, Boston ni saa nne au saa tatu asubuhi kutegemea msimu, na nesi yuko katikati ya zamu. Linki ya ziara inamsubiri hadi atoke kazini.

Kuna sababu nyingine ambayo mabroka hawaipendi sana. Mjini Nairobi wapo wanaotoza ada ya kuonyesha nyumba, na mteja analipa hata kama alichoonyeshwa hakifanani na tangazo. Dar es Salaam nako madalali wengi wana hela yao ya kumzungusha mteja. Ziara ya nyuzi 360 inamwezesha mteja kuzikataa nyumba nane kati ya kumi akiwa kitandani, bila kulipa chochote. Kwa ajenti anayeishi kwa kamisheni ya mauzo hilo ni jambo jema, maana wanaokuja kuona nyumba ni wale walio tayari kununua. Kwa anayeishi kwa ada za kuzungusha watu, ni riziki inayoondoka.

Hesabu ya vigae

Picha za pande zote zina tabia ya kupanua chumba. Ukuta ulio mbele unaonekana kusogea mbali, na sebule ya kawaida inafanana na ukumbi. Si lazima ajenti awe amedanganya, lenzi ndivyo zilivyo.

Dawa yake ni kutafuta kitu chenye kipimo kinachojulikana. Vigae vya sakafuni ndivyo rahisi zaidi. Vingi katika fleti mpya ni vya sentimita 60 kwa 60, na ajenti akiulizwa anaweza kuthibitisha kwa futi kamba. Vigae vitano kwa mstari ni kama mita tatu. Kitanda cha tano kwa sita kina upana wa takriban mita moja na nusu, kwa hiyo katika chumba hicho inabaki mita moja na nusu nyingine ya kugawana pande mbili. Mtu anapita bila shida, ila kabati la nguo lililo upande mmoja litabana mlango.

Ziara nyingine zina kifaa cha kupima ndani yake. Ni kizuri, lakini kisiaminiwe kwa kila sentimita. Matterport yenyewe hueleza kuwa vipimo vya kamera yake ya Pro2 vinaweza kupishana na uhalisia kwa asilimia 1. Kwenye ukuta wa mita nne hizo ni sentimita nne, zinazotosha kufanya friji isiingie kwenye nafasi yake. Zile mita za mraba zilizo kwenye tangazo nazo ziulizwe zimehesabiwaje, kwani wapo wanaojumlisha roshani.

Samani pia ziangaliwe. Siku hizi sofa, meza na zulia vinaweza kubandikwa na kompyuta ndani ya chumba kitupu, na sofa iliyopunguzwa kidogo hukifanya chumba kionekane kikubwa. Kivuli cha sofa kikielekea upande tofauti na mwanga wa dirisha, sofa hiyo haipo. Muuzaji mwaminifu hatakataa kuonyesha chumba kile kile kikiwa kitupu.

Kamera haisikii wala hainusi

Ziara ikimalizika, mnunuzi anajua mpangilio wa vyumba na hali ya kuta siku ile ya picha. Hajui kama mfereji una maji. Nairobi ina mgao, na tofauti kati ya jengo lenye kisima na matangi makubwa na lile linalonunua maji ya bowser haionekani popote kwenye picha. Hajui kelele za baa ya jirani Ijumaa usiku. Hajui kama ploti iliyo wazi nyuma ya roshani, ile inayoleta mandhari nzuri, imeshapata kibali cha kujengwa ghorofa. Wakazi wa Kilimani wanalijua hili vizuri, kwani kuna madirisha yaliyokuwa yakitazama miti ambayo sasa yanatazama ukuta.

Ndiyo maana simu ya video ya moja kwa moja bado inahitajika hata baada ya ziara nzuri. Ipigwe jioni, watu wakiwa wamerudi nyumbani na maji yanatumika. Aliye ndani ya nyumba afungue mfereji wa jikoni na bafu kwa wakati mmoja, afungue dirisha anyamaze kwa dakika moja, atoke kwenye roshani na kugeuza kamera nje, kisha ashuke kwa lifti na kutembea hadi barabara kuu bila kukata simu. Ajenti mwenye visingizio vitatu vya kutofanya hivyo ameshajibu maswali mengi.

Aliyetuma linki si lazima awe mwenye nyumba

Linki ya ziara ni ya umma. Yeyote anaweza kuinakili kutoka tangazo halali, akaibandika kwenye tangazo lake, akapunguza bei na kuweka namba yake ya simu. Kila chumba kwenye ziara kitakuwa cha kweli, nyumba ipo, ila aliyeituma hana uhusiano nayo.

Kwa hiyo pesa isitumwe kwa sababu ya ziara. Kwanza ni upekuzi wa umiliki, ambao kwa Nairobi hufanyika kupitia mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021. Kwa fleti, mnunuzi aulizie hatimiliki ya nyumba yenyewe chini ya Sheria ya Sectional Properties ya 2020, asiridhike na nakala ya hati ya ploti nzima. Ajenti naye athibitishwe kwa bodi ya usajili wa maajenti wa nyumba. Na wakili wa mnunuzi awe wake mwenyewe, si yule aliyependekezwa na muuzaji "ili mambo yaende haraka".

Kisheria, makubaliano ya kuuza ardhi au nyumba Kenya lazima yawe kwa maandishi, yatiwe saini na pande zote na kushuhudiwa. Ujumbe wa "nimeipenda, niwekee" si mkataba. Kawaida mnunuzi hulipa asilimia 10 wakati wa kutia saini, na pesa hizo hupitia kwa mawakili. Anayedai arbuni kwenye namba yake binafsi kabla ya hapo, akisema kuna mteja mwingine yuko njiani, aachwe na huyo mteja wake. Kuna pia ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani kwa mali za mjini, ambao matangazo mengi hayautaji.

Upande wa anayeuza

Mwenye nyumba anayekaribisha kamera anaifungulia dunia nzima mlango wake. Picha za watoto ukutani, vyeti, namba ya gari, mahali zinapotundikwa funguo, vyote vitaonekana na kukuzwa kwa vidole viwili. Viondolewe kabla. Kama ndani kuna mpangaji, aombwe ruhusa, kwani vitu vyake na sura za familia yake zinamhusu, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Mkataba na mpiga picha useme wazi ziara itaondolewa lini. Nyumba ikishauzwa, ramani ya kila mlango na dirisha haina sababu ya kubaki mtandaoni.

Hilo linamgusa mnunuzi kwa njia nyingine. Ziara nyingi zinakaa kwenye akaunti inayolipiwa na ajenti, naye akiacha kulipa au akiifuta, linki haifunguki tena. Kabla ya kutia saini, mnunuzi arekodi kioo cha simu yake akizunguka chumba hadi chumba, kisha amtumie wakili rekodi hiyo pamoja na orodha ya vinavyouzwa na nyumba: jiko, makabati, hita za maji, betri za umeme wa dharura. Ikitokea siku ya kukabidhiwa funguo jiko limeng'olewa, kutakuwa na cha kuonyesha.