Jina Kwenye Rejista: Wilaya na Mahudhurio ya Wanafunzi Nchini Uganda Tangu 1997

Nilipokuwa darasa la tano nilikuwa kiranja, na mojawapo ya kazi zangu ilikuwa kumsaidia mwalimu kuita majina asubuhi. Shule yetu ilikuwa ya serikali, mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kenya. Siku za soko madawati ya nyuma yalikuwa matupu. Rafiki yangu niliyeketi naye dawati moja alianza kwa kukosa siku hizo tu, akibeba mizigo ya wafanyabiashara. Baadaye akawa anakosa wiki nzima, na mwishowe hakurudi. Jina lake lilibaki kwenye rejista hadi mwisho wa mwaka, na mara nyingi niliagizwa kumwekea alama ya kuwapo. Sikuuliza kwa nini. Katika insha hii ninajaribu kulijibu swali hilo kwa kutazama historia: tangu 1997, idara za elimu za wilaya zimefanya nini ili watoto wahudhurie shule, na zilifaulu wapi?

Tuanze na miaka ya kabla. Mwaka 1987 serikali iliunda tume ya kuchunguza elimu chini ya Profesa William Senteza Kajubi. Tume ilitoa ripoti yake mwaka 1989, na mwaka 1992 serikali ikachapisha waraka wake wa sera. Wakati huo wazazi ndio waliokuwa wakibeba sehemu kubwa ya gharama za shule za msingi, na mtoto aliyekosa ada alirudishwa nyumbani. Januari 1997 mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote (UPE) ulianza, kwanza kwa watoto wanne wa kila familia, kisha ukafunguliwa kwa wote. Idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 3.1 mwaka 1996 hadi milioni 5.3 mwaka 1997. Mwaka huohuo Sheria ya Serikali za Mitaa iliweka shule za msingi mikononi mwa wilaya. Kuanzia hapo afisa elimu wa wilaya na wakaguzi wake ndio waliotakiwa kujua nani yuko darasani na nani hayupo.

Fedha zilifuata idadi. Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi 5,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa darasa la kwanza hadi la tatu, na shilingi 8,100 kwa wa darasa la nne hadi la saba. Lakini kulikuwa na tatizo lililotangulia UPE. Uchunguzi uliohusu miaka ya 1991 hadi 1995 ulionyesha kwamba kwa wastani shule zilipokea asilimia 13 tu ya ruzuku zilizostahili. Nyingine ziliishia njiani, hasa katika ofisi za wilaya. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika matangazo ya fedha zilizopokea mahali ambapo wazazi wangeyaona. Hali ilibadilika sana.

Hapa ndipo nilipopata sehemu ya jibu langu. Ruzuku ilihesabiwa kwa majina yaliyoandikishwa. Kila jina lililofutwa lilipunguza pesa za chaki na vitabu kwa waliobaki. Shule maskini ilikuwa na sababu ya kulitunza jina la mtoto hata baada ya mtoto mwenyewe kuondoka. Mkaguzi aliyefika mara moja kwa muhula, akatazama rejista bila kuhesabu vichwa, aliondoka akiamini kwamba mambo ni shwari. Simlaumu mwalimu wangu peke yake. Utaratibu wenyewe uliwalipa waliojaza rejista.

Mfano tofauti unatoka Karamoja, kaskazini mashariki. Wazee wa huko husimulia kwamba wakati wa ukoloni majina ya vijana yaliandikwa ili wapelekwe vitani, na wengi hawakurudi. Kwa hiyo wazee waliizika kalamu pamoja na laana. Mwaka 1995 ilifanyika ibada ya kuifukua. Kwa watu hawa, kuandikwa jina halikuwa jambo dogo, na kuwatishia wazazi kwa sheria kusingeleta watoto darasani.

Mwaka 1998 ulianza mpango ulioitwa ABEK katika wilaya za Moroto na Kotido, kwa ushirikiano na shirika la Save the Children la Norway. Ratiba ya masomo ilifuata kazi za watoto: alfajiri kabla ya kupeleka mifugo malishoni, na jioni baada ya kurudi. Walimu walichaguliwa katika jamii yenyewe, walifundisha kwa Kikaramojong, na masomo yalihusu mifugo, kilimo na afya. Wasichana waliweza kuja na wadogo zao mgongoni. Mpango huu ulikuwa na mipaka yake: wengi hawakuendelea na shule za kawaida, ambazo zilikuwa mbali na zilidai siku nzima. Hata hivyo, ulithibitisha kwamba mtoto anayeitwa mtoro mara nyingi ana kazi ambayo familia haiwezi kuiacha.

Wapo watakaosema kwamba sheria inatosha. Sheria ya Elimu ya 2008 ilifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima, na ikawaachia wazazi jukumu la chakula, mavazi na matibabu. Lakini sheria haimpiki mtoto uji. Anayeshinda na njaa huondoka saa saba mchana, na rejista iliyojazwa asubuhi haioni hilo. Kule Karamoja chakula cha Mpango wa Chakula Duniani kimewavuta watoto shuleni kwa miaka mingi. Kwingineko kamati za shule huwaomba wazazi mahindi na maharagwe, na hufaulu pale tu wazazi wanapoamini kwamba chakula hicho hakiibwi.

Kwa kumalizia, naona kwamba wilaya zilifaulu zilipoweka fedha wazi na zilipobadilisha shule ili imfae mtoto. Zilishindwa zilipotosheka na karatasi. Baada ya shule kufunguliwa tena Januari 2022, kufuatia takriban miaka miwili ya kufungwa kwa ajili ya korona, swali hili limerudi kwa uzito, kwani wengi walikuwa wameshazoea kazi au wamepata watoto. Napendekeza mkaguzi ahesabu vichwa, na mtoto akikosa siku tatu mfululizo, mwalimu na mwenyekiti wa kijiji waende kwao.

Rafiki yangu sasa anaendesha bodaboda, na tunaonana ninaporudi likizo. Nilimuuliza ni nani aliyefika kwao alipoacha shule. Akaniambia hakufika mtu.