Irving Thalberg: Mwenye Filamu Asiyeandikwa Jina

Mtazamaji aliyeingia ukumbini mwaka 1932 kuangalia Grand Hotel alimwona simba wa Metro-Goldwyn-Mayer akinguruma, kisha yakapita majina ya Greta Garbo, John Barrymore, Joan Crawford na mwongozaji Edmund Goulding. Jina la Irving Thalberg hakuliona. Lakini ni Thalberg aliyeshikilia kwamba nyota watano wakubwa wakusanywe katika filamu moja, ilhali desturi ya studio ilikuwa kuwatenganisha ili kila mmoja auze filamu yake. Ndiye pia aliyekaa na waandishi wakipitia muswada tukio kwa tukio. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya mwaka. Alipokuwa hai, MGM haikuwahi kuliandika jina lake kwenye skrini kama mtayarishaji, kwa matakwa yake mwenyewe. Mtu huyo asiyeonekana ndiye aliyeamua, kuliko mwingine yeyote wa zama zake, kwamba huko Hollywood neno la mwisho kuhusu filamu litoke ofisini.

Alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 30 Mei 1899, katika familia ya Wayahudi waliohamia kutoka Ujerumani. Moyo wake ulikuwa na kasoro tangu kuzaliwa, na madaktari waliwaonya wazazi wake kwamba huenda asivuke sana miaka 30. Akiwa kijana aliugua homa ya baridi yabisi iliyomlaza kitandani muda mrefu, na huko alisoma riwaya, tamthilia na falsafa, vitabu alivyoletewa na mama yake, Henrietta. Chuo kikuu hakwenda. Alijifunza kupiga taipu na kuandika hatimkato, akaajiriwa katika ofisi ya New York ya kampuni ya Universal, na muda si mrefu akawa katibu wa mwenye kampuni, Carl Laemmle. Laemmle alimchukua hadi California, naye aliporudi mashariki akamwachia kijana huyo usimamizi wa studio nzima ya Universal City. Inasimuliwa kwamba Thalberg alikuwa hajafikisha hata umri wa kisheria wa kutia sahihi hundi za kampuni.

Hapo alikutana na Erich von Stroheim, mwongozaji maarufu kuliko wote waliokuwa Universal, mtu aliyezoea kutumia fedha na mkanda bila kuulizwa. Filamu yake Foolish Wives, iliyotoka mwaka 1922, ilijengewa Monte Carlo nzima ya bandia na kutangazwa kuwa filamu ya kwanza kugharimu dola milioni moja. Thalberg alivumilia hiyo. Iliyofuata, Merry-Go-Round, ilipoanza kwenda vilevile, alimfukuza von Stroheim katikati ya kazi na kumweka Rupert Julian mahali pake. Habari hiyo ilitikisa Hollywood. Hadi siku hiyo mwongozaji ndiye aliyehesabiwa kuwa mwenye filamu, na katibu wa juzijuzi alikuwa amemtoa kwenye seti yake mwenyewe.

Mwanzoni mwa 1923 Thalberg alihamia kwa Louis B. Mayer. Mwaka uliofuata Marcus Loew, tajiri wa kumbi za sinema, aliunganisha kampuni za Metro, Goldwyn na Mayer. Ikazaliwa MGM huko Culver City, Mayer akiwa mkuu wa studio na Thalberg, mwenye miaka 24, msimamizi wa utayarishaji. Kwa bahati mbaya ya von Stroheim, filamu yake mpya, Greed, ilikuja na muungano huo. Toleo lake la awali lilizidi saa nane. Studio ililikata hadi likabaki la saa mbili na dakika kadhaa, na vipande vilivyoondolewa havijapatikana hadi leo. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na katika mfumo huo mpya kisu kilikuwa mkononi mwa mtayarishaji.

Kisu hicho hakikuwa cha kubana matumizi tu. Ben-Hur ilipokwama Italia, Thalberg na Mayer walibadilisha mwongozaji na mwigizaji mkuu, wakairudisha kazi California na kupiga upya mbio za magari ya farasi. Gharama ilikaribia dola milioni nne. The Big Parade ya King Vidor ilianza kama hadithi ya kawaida ya askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Thalberg aliona ina nguvu kuliko ilivyodhaniwa, akaagiza matukio ya vita yapanuliwe, nayo ikawa miongoni mwa filamu bubu zilizoingiza fedha nyingi kuliko zote. Utaratibu wake ulikuwa huohuo kila mara: filamu ikikamilika ilipelekwa kwenye ukumbi wa mji mdogo bila kutangazwa, naye aliketi nyuma akisikiliza watu wanacheka wapi na wanachoka wapi. Kisha waigizaji waliitwa tena kupiga upya sehemu zilizolegea. Studio nyingine zilihesabu kurudia kupiga kuwa dalili ya kushindwa. Thalberg aliitengea kazi hiyo fedha tangu bajeti ya mwanzo. Paramount na RKO zilipoanguka kifedha wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, MGM iliendelea kupata faida.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, utaratibu huo unaonekana wazi zaidi katika Trader Horn. Kitabu chenyewe kilikuwa kumbukumbu za mfanyabiashara Alfred Aloysius Horn, na habari zake zilitokea pwani ya magharibi ya Afrika, kwenye mto Ogooué wa Gabon. MGM haikujali tofauti hiyo. Mwaka 1929 mwongozaji W. S. Van Dyke alishuka Mombasa na kikosi chake, pamoja na waigizaji Harry Carey, Edwina Booth na Duncan Renaldo. Kwa miezi kadhaa walizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, wakapiga picha za maporomoko ya Murchison, viboko, mamba na makundi ya wanyama mbugani. Hiyo ilikuwa miaka ambayo Hollywood ilikuwa ikihama kutoka filamu bubu kwenda filamu za sauti, na sauti iliyorekodiwa porini haikufaa. Thalberg alipoangalia kilicholetwa aliona mandhari nyingi na hadithi haba.

Akaamua filamu imaliziwe nyumbani. Mutia Omoolu, Mwafrika aliyeigiza Rencharo, mbeba bunduki wa Horn, alipelekwa California, na mazungumzo pamoja na matukio mengi yalipigwa upya huko. Filamu ilitoka mwaka 1931, ikapata watazamaji wengi na kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora. Edwina Booth alirudi na magonjwa yaliyokatisha kazi yake ya uigizaji, akaishtaki studio. Mabaki ya mkanda hayakutupwa. Yaliingizwa katika Tarzan the Ape Man ya 1932, iliyoongozwa na Van Dyke yuleyule, Johnny Weissmuller akiwa Tarzan. Kwa hiyo msitu wa Tarzan uliojaza vichwa vya watu dunia nzima ulikuwa na vipande halisi vya Afrika Mashariki, vikiwa vimekatwa na kuunganishwa na msitu wa California hadi isijulikane mahali ni wapi. Huo ndio mkono wa Thalberg: mandhari, mwigizaji na mwandishi vyote kwake vilikuwa malighafi ya kukamilishwa Culver City.

Wachina nao walipitia hayo. Kwa ajili ya The Good Earth, studio ilituma watu China kupiga mandhari na kununua zana za kilimo, kisha mashamba yakajengwa Chatsworth, California. Paul Muni na Luise Rainer waliigiza wakulima wa Kichina, na Anna May Wong, nyota mwenye asili ya China aliyekuwa palepale Los Angeles, akanyimwa nafasi kuu ya O-Lan.

Mwaka 1934 ufundi huo ulivuka kutoka hadithi na kuingia siasani. Mwandishi Upton Sinclair alipogombea ugavana wa California akiahidi kuondoa umaskini, MGM ilitengeneza filamu fupi zilizopewa sura ya habari, zenye wapiga kura waliochaguliwa ili kumfanya mgombea aonekane tishio. Zilionyeshwa kumbini kabla ya filamu kuu, na Sinclair akashindwa. Thalberg, ambaye ujanani aliwahi kuhutubia mitaani kwa ajili ya Wasoshalisti, anatajwa kuwa ndiye aliyesimamia. Aliwapinga vikali pia waandishi wa filamu walipotaka kuunda chama cha kutetea haki zao. Mtu aliyeheshimu hadithi kiasi hicho hakukubali kwamba anayeiandika ana mamlaka juu yake.

Mamlaka yake mwenyewe nayo hayakuwa ya kudumu. Mwishoni mwa 1932 moyo ulimshinda, akaenda Ulaya kupumzika. Aliporudi mwaka 1933 Mayer alikuwa amegawanya kazi yake kwa watayarishaji kadhaa, akiwamo mkwewe David O. Selznick. Thalberg akabaki mtayarishaji mmoja kati ya wengi, na bado ndipo zilipotoka Mutiny on the Bounty na A Night at the Opera, ambayo vichekesho vyake alivipeleka kwanza jukwaani katika miji kadhaa ili wachekeshaji ndugu wa Marx wavipime mbele ya watu. Alifariki kwa nimonia tarehe 14 Septemba 1936, akiwa na miaka 37. The Good Earth ilipotoka mwaka uliofuata ilitangulizwa na maneno ya kumkumbuka, na hapo jina lake likaonekana kwenye skrini ya MGM.

Waandaaji wa Oscar walianzisha tuzo ya watayarishaji yenye jina lake, na wa kwanza kuipokea alikuwa Darryl F. Zanuck. F. Scott Fitzgerald, aliyewahi kuandika chini yake, alimchukua kuwa kielelezo cha Monroe Stahr katika riwaya ambayo hakuimaliza, The Last Tycoon. Alama iliyo nzito zaidi iko kwenye mikataba. Kila mwongozaji wa leo anayedai haki ya toleo lake mwenyewe anaendeleza ugomvi aliouanza von Stroheim mwaka 1922, na katika studio kubwa za Marekani jibu la kawaida bado ni lile alilopewa na kijana wa Brooklyn: mwenye kutoa fedha ndiye anayekata mkanda.