Kukusanya na Kuazimana: Urafiki na Ukarimu wa Wapenda Lugha na Historia katika Ungoni ya Songea

1. Utangulizi

Mada yangu ni wakusanyaji. Sikusudii wakusanyaji wa kodi wala wa mazao, bali wale ambao, pasipo kuajiriwa kwa kazi hiyo, walitumia saa zao za mapumziko kukusanya maneno, methali, hadithi, tenzi na kumbukumbu za wazee. Katika vitabu vya taaluma yetu watu hawa hutajwa kwenye ukurasa wa shukrani, aghalabu kwa mstari mmoja, kisha husahauliwa. Hoja yangu ni kwamba bila urafiki na ukarimu wao sehemu kubwa ya taaluma hii isingekuwapo. Na kwamba historia ya Songea inatudhihirishia vizuri tofauti iliyopo baina ya kukusanya kwa urafiki na kukusanya kwa kunyang'anya.

Kwa kuwa mimi ni mwanaisimu, nianze na vitenzi viwili. Cha kwanza ni kukusanya. Kitenzi hiki kinapochukua mnyambuliko kinatupa kukusanyika: vitu hukusanywa, watu hukusanyika. Mzizi ni ule ule mmoja. Cha pili ni kuazima. Katika Kiswahili anayetoa kitu kwa muda ameazima, na anayekipokea naye ameazima. Kitenzi kimoja kinawabeba wote wawili, na sharti lililomo ndani yake ni kwamba kitu kitarudi. Nitavitumia vitenzi hivi kama mizani. Kila tutakapomkuta mkusanyaji, tuulize maswali mawili: Je, kukusanya kwake kulikusanya watu pia? Na alichoazimwa, kilirudi?

2. Mnyororo wa pwani

Kabla ya kuja Songea, yafaa tutazame pwani, kwa kuwa huko mwenendo wa wakusanyaji umeandikwa kwa uwazi zaidi. Tuchukue mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840. Mashairi hayo yaliishi vinywani mwa watu miaka mingi baada ya kifo chake. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi aliyakusanya kutoka kwa wazee wa mji, akayafafanua, akampatia mmisionari W. E. Taylor, ambaye mwaka 1891 alitoa mkusanyo mashuhuri wa methali za Waswahili. Taylor alifariki mwaka 1927 bila kuichapisha diwani ya Muyaka. Karatasi zake zilimfikia William Hichens, naye akaitoa diwani hiyo Johannesburg mwaka 1940. Mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz alichapisha uchambuzi wake wa mashairi hayo, ambao umesomwa na vizazi vya wanafunzi wetu. Tangu kifo cha mshairi hadi kitabu cha Abdulaziz ni takriban miaka 140, na katika kila kiungo cha mnyororo huo kuna mtu aliyekuwa na hazina mkononi akakubali mwingine aitumie. Kiungo kimoja kingelikataa, tungelikuwa tunamtaja Muyaka kwa jina tu.

Huko Lamu alikuwapo Muhammad Kijuma, mshairi, mchongaji na mwandishi wa hati nzuri, aliyefariki mwaka 1945. Kijuma aliwanakilia tenzi Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann. Ni kweli kwamba alilipwa kwa baadhi ya kazi hizo, na hapana aibu katika hilo: mwenye ufundi hula kwa ufundi wake. Lakini malipo hayakununua yote aliyoyatoa. Kuchagua nakala iliyo bora, kueleza neno la kale, kumwelekeza mgeni kwa mzee anayefaa, hayo hayana bei. Hutolewa kwa mtu anayeaminiwa. Mombasa, Sheikh Mbarak Ali Hinawy, aliyekuwa Liwali wa Pwani, alijulikana kwa hazina yake ya miswada, na watafiti wa ushairi walifaidika nayo.

Hapa kwetu Tanzania mfano ulio karibu ni J. W. T. Allen, ofisa wa elimu wa zamani, ambaye pamoja na mkewe alipita pwani katika miaka ya 1960 akikusanya miswada na kanda za sauti. Tofauti na wengi waliomtangulia, sehemu kubwa ya alivyovikusanya viliwekwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1970. Yaani vilikaa nchini. Jambo la pili alilofanya Allen ni dogo kwa macho, lakini ni kubwa kwa maana. Mwaka 1903 Carl Velten alitoa kitabu cha desturi za Waswahili kilichojulikana kwa jina lake Velten, ingawa sehemu kubwa ya maneno iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Tafsiri ya Allen ilipotoka mwaka 1981, miaka miwili baada ya yeye kufariki, jina la Mtoro lilikuwa juu ya jalada. Kilichoazimwa miaka 78 kabla kilianza kurudi kwa mwenyewe.

3. Maneno yaliyoandikwa kabla ya vita

Sasa tuje Songea. Wangoni walifika katika nchi hii katikati ya karne ya 19, baada ya safari ndefu kutoka kusini mwa Afrika. Kundi lililoongozwa na Zwangendaba lilivuka mto Zambezi mwaka 1835, likafika hadi Ufipa. Baada ya kifo chake likagawanyika, na baadhi ya matawi yake yakashuka hadi Ungoni ya leo. Waliwakuta na kuwatawala watu wengine, na lugha za hao waliotawaliwa ndizo zilizoshinda. Kingoni kinachosemwa leo Songea, ambacho Deo Ngonyani alikiandikia sarufi mwaka 2003, kimejengwa hasa juu ya lugha za wenyeji. Kutoka lugha ya kusini yamebaki maneno machache, hasa ya utawala, kama vile nkosi na nduna.

Tunajuaje hatua za badiliko hilo? Tunajua kwa sababu kulikuwa na watu walioandika maneno wakati badiliko lenyewe likiendelea. Padri Cassian Spiss, Mbenedikto aliyeanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, alichapisha huko Berlin mwaka 1904 kazi juu ya Kingoni na Kisutu, akiziweka kando kwa kando lugha ya wakuu na lugha ya raia wao. Mwenzake Johannes Häfliger wa Kigonsera alichapisha hadithi za Wamatengo mwaka 1908 na kamusi ya Kimatengo mwaka 1909. Hawa hawakuwa wanaisimu kwa ajira. Kazi yao ilikuwa kuhubiri, kujenga na kufundisha. Maneno waliyaandika katika nafasi iliyobaki. Wala hawakuyaokota njiani. Kamusi haiandikwi bila mtu wa kukaa na mwandishi siku nyingi, akivumilia maswali yake, akimsahihisha, akirudia neno moja mara tano mpaka mgeni alisikie sawasawa. Uvumilivu huo ni ukarimu wa daraja la juu. Leo hii Spiss na Häfliger wanatajwa katika marejeo ya kila kazi ya isimu juu ya lugha za Ruvuma. Wale waliowafundisha hawatajwi.

4. Kilichochukuliwa bila kuazimwa

Tungeishia hapo, tungekuwa tumesimulia nusu ya habari, tena ile nusu iliyo tamu. Ukweli ni kwamba wakati wa kuandika maneno ulikuwa pia wakati wa kutawaliwa. Historia ya Ungoni inakumbuka kwamba kabla ya vita padri mmoja alikichoma kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa Gama, mahali pa kuwaheshimia wahenga. Nyumba ile ile iliyohifadhi maneno ya watu iliteketeza mahali pao patakatifu. Tarehe 14 Agosti 1905, Spiss, ambaye sasa alikuwa Askofu, aliuawa huko Mikukuyumbu, upande wa Liwale, mwanzoni mwa Vita vya Majimaji, na misheni ya Peramiho ikachomwa mwaka huo huo. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa Songea viongozi wengi wa Wangoni, Nkosi Mputa akiwa miongoni mwao. Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu una jina lake, aliuawa naye. Simulizi za wazee na za ukoo wake zinasema kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Nalitaja jambo hili katika mhadhara juu ya wakusanyaji kwa makusudi. Mafuvu ya watu wetu yaliyopelekwa Ulaya wakati wa ukoloni nayo yaliitwa mkusanyo. Yaliandikwa namba, yakapangwa katika makabati, yakabadilishanwa na wataalamu waliokuwa marafiki wao kwa wao. Baina ya wataalamu hao palikuwa na urafiki na ukarimu mwingi. Lakini ulikuwa ukarimu wa kugawana kisichokuwa chao. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na ukoo wa Mbano, akaomba radhi kwa yaliyotendwa na kuahidi kwamba juhudi za kukitafuta kichwa hicho zitafanywa. Hapa ndipo mizani yetu inapofanya kazi. Urafiki wa wakusanyaji wenyewe kwa wenyewe hautoshi kuuhalalisha mkusanyo. Urafiki unaopimwa ni ule uliopo baina ya mkusanyaji na yule anayekusanyiwa.

5. Padri, wazee na wanafunzi

Baada ya vita kazi ya kukusanya haikukoma, bali ilibadilika. Mwaka 1936 jarida la Tanganyika Notes and Records lilianza kutolewa, nalo kwa muda mrefu lilibebwa na wapenzi wa mambo haya: mabwana shauri, waganga, walimu na wamisionari walioandika baada ya saa za kazi. Humo ndimo P. H. Gulliver, ambaye yeye alikuwa mwanaanthropolojia kwa taaluma, alipochapisha mwaka 1955 historia ya Wangoni wa Songea.

Huko Peramiho, Padri Elzear Ebner alikuwa akikusanya habari za Wangoni. Historia yake ilidurufiwa mwaka 1959, na haikuchapishwa kama kitabu hadi mwaka 1987. Kwa miaka 28, basi, ilikuwa ni bunda la karatasi za taipu lililosafiri kwa kuazimana. Watafiti wa Ungoni waliisoma na kuitaja kama wanavyotaja kitabu kilichochapishwa. Mwandishi ambaye angetaka kuilinda kazi yake angeweza kuifungia sandukuni akisubiri mchapishaji. Ebner aliiacha itembee, na kwa kutembea ikawa msingi wa kazi za wengine.

Hatua iliyofuata ni muhimu zaidi kwa sisi wa vyuo vikuu. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa uongozi wa wanahistoria John Iliffe na Gilbert Gwassa, kilianzisha mradi wa utafiti wa Majimaji. Wanafunzi walikwenda vijijini kuwahoji wazee waliokuwa bado wanayakumbuka matukio. Kutoka Ungoni tulipata kazi ya O. B. Mapunda na G. P. Mpangara, iliyochapishwa mwaka 1969. Tazama kilichobadilika. Maswali yaliulizwa na vijana wa nchi hii. Na katika kumbukumbu za mradi ule, wazee waliohojiwa waliandikwa kwa majina. Mzee aliyetoa habari hakuwa tena chanzo kisicho na uso, alikuwa shahidi. Makumbusho ya Majimaji yalipofunguliwa hapa Songea mwaka 1980, kumbukumbu hiyo ilipata nyumba katika mji ule ule ilimozaliwa, na kila Februari watu hukusanyika mahali hapo. Vilivyokusanywa vimewakusanya watu.

6. Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, katika kila nyumba ya kale ya mkoa huu huenda pana daftari: orodha ya ukoo, nyimbo za ligambusi au za kanisani, shajara ya mwalimu mstaafu, barua za vita. Wenye daftari hizo ni wakusanyaji kama alivyokuwa Kijuma. Mtafiti anapobisha hodi, hupewa kiti, chakula na daftari. Swali ni atakachofanya kesho yake.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mtafiti aandike jina la aliyempa habari mahali panaposomeka, kwa idhini yake, wala asilifiche katika shukrani za jumla. Pili, nakala ya kila kilichokusanywa ibaki mahali kilipotoka: kwa mwenye daftari, na katika makumbusho au maktaba ya hapa. Teknolojia ya leo imeondoa kisingizio cha gharama; ukurasa unaweza kupigwa picha kwa simu na daftari lisiondoke mezani. Tatu, kazi za Spiss na Häfliger, zilizoandikwa kwa Kijerumani, zifasiriwe kwa Kiswahili. Zimo ndani yake sauti za babu zetu zikieleza maneno yao wenyewe, na mjukuu wa Peramiho au Kigonsera hana budi kuzisikia bila kwanza kujifunza lugha ya mtu aliyeziandika.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Wazee wa Ungoni walitoa wakati ambapo mengi yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa kwao kwa nguvu. Waliotoa wengi wao hawapo tena, na hatuwezi kuwarudishia wao. Tunaweza kuwarudishia watoto wao, na kazi hiyo inaanza na daftari litakaloazimwa baada ya leo.